Chuma cha Mjomba Chileshe

Jumatatu, 2 Julai 1962

Baridi. Maji ya bomba yaliniuma vidole asubuhi. Nilipofika karakanani, Monsieur André alikuwa ameketi juu ya kasha, hajavaa aproni yake. Nikajua kuna neno.

Anafunga karakana. Mwisho wa mwezi anarudi kwao Liège. Wateja wameisha — wenye bunduki wengi wamekwenda, waliobaki wamezificha chini ya sakafu. Mashine zitaingia kwenye makasha na kuondoka kwa treni ya Rhodesia. Yote hayo aliyasema akitazama dirisha. Tumefanya kazi pamoja tangu vita ya Wazungu ilipokwisha, na sijapata kumwona akizungumza na dirisha.

Kisha akapanda ngazi ndogo, akashusha mtutu kutoka rafu ya juu. Mpya! Bado una karatasi yake ya mafuta. Milimita tisa nukta tatu — unamtosha nyati, na si mzigo wa tembo. Aliuagiza mteja mmoja wa Kambove, akakimbia Julai ile ya 1960, hajaonekana tena. Monsieur akauweka mikononi mwangu. Iko ya weye, akasema, sasa chagua chuma ya kuifunga, mbele sijapakia mashine.

Nikasema asante, nikafuta vumbi ambalo halikuwepo.

Jioni nilimweleza Albertine. Mke wangu ni mshonaji, anapenda kujua kitu kimeungwa wapi. Nikamwambia bunduki ina vitu vitatu. Kuna mtutu, unaopitisha risasi. Kuna mti, unaoshikwa na mtu. Na katikati kuna chuma chenye komeo ndani yake, lile linaloingia na kutoka. Linasukuma risasi, linafunga mlango, linapokea teke lote. Karakanani tunasema boîtier na culasse. Yeye akasema, yaani chuma cha kati. Basi na mimi nitakiita hivyo.

Nimewatengenezea wengine bunduki maisha yangu yote. Zamani sisi Waafrika tuliruhusiwa bunduki za fataki tu, za kujaza baruti mdomoni. Tangu Februari nina kibali changu, jina langu, Lucien Kapya, na mahali pa namba pamebaki wazi. Mtutu haufungwi kwa mkono. Unataka mashine ya kukereza. Kwa hiyo lazima nichague mwezi huu.

Alhamisi, 5 Julai

Nimeweka vyuma viwili juu ya meza ya kazi, nikavitazama kama mtu anayechagua mchumba.

Cha kwanza ni Enfield ya Waingereza, ya vita ya kwanza. Kikubwa, kizito, kina masikio mawili nyuma ambayo lazima yakatwe. Nguvu kinazo, tena za kubaki. Lakini springi yake inakazwa wakati wa kufunga, unasukuma komeo kama mtu anayefunga sanduku lililojaa mno. Na kuyakata masikio yale ni kazi ya wiki nyingi. Sina wiki nyingi.

Cha pili ni Mauser ya jeshi. Hiki nakijua hata nikifumba macho. Meno mawili mbele, la tatu nyuma kwa usalama. Ubavuni ukucha mrefu, unaikamata risasi mara inapopanda na hauiachi mpaka ganda litoke. Hata ukiwa umelala chali, nyati anakuja, risasi haipotei njia. Nilipaka rangi ya buluu kwenye meno, nikafunga, nikafungua — yote mawili yamegusa sawasawa. Chuma kizuri. Ila juu kabisa, pale ambapo kila mtu anaangalia kwanza, kuna taji la mfalme na muhuri wa jeshi.

Monsieur alisema tuufute kwa tupa. Nikamwambia muhuri uliofutwa ni mbaya kuliko muhuri unaoonekana. Barabara ya Kasenga ina vizuizi, vya ONU, askari wa Umoja wa Mataifa, na vya gendarmes, askari wa Katanga. ONU wataona bunduki ya jeshi, watasema mimi ni gendarme. Gendarmes wataona taji, watasema nimeiba kambini. Nitafungwa na pande zote mbili kwa chuma kimoja. Monsieur alicheka, halafu akaacha kucheka.

Jumapili, 8 Julai

Misa. Kurudi, tulipita barabara yetu hapa Katuba, mlango mmoja umefungwa, wa pili umefungwa, wa tatu una watu nisiowajua. Watu wa Kasai, watu wa kwao Albertine, wamekwenda, wamefukuzwa na wanasiasa. Waliokuwa katika kambi ya ONU walipandishwa treni na ndege, na Jeannot, kaka yake Albertine, aliondoka mwezi uliopita. Alikuja hapa kumchukua dada yake. Albertine alisimama kwenye kizingiti akasema bwana yake yuko hapa. Basi. Jeannot alinitazama mimi, si yeye, kisha akaenda zake.

Tangu siku ile, kuna majirani wanaomsalimu na kuna wasiomsalimu. Mimi sina la kufanya ila kumshika mkono tukienda kanisani. Watu wanacheka, mzee mzima! Wacheke.

Hatukujaliwa mtoto. Ndugu zangu wa Kasenga wamesema juu ya jambo hilo mpaka wamekauka koo: ongeza mke, ongeza mke. Na mimi nimewajibu neno lile lile, kwamba tulifunga ndoa kanisani. Nilidhani namficha maneno yao. Albertine anayajua yote.

Leo, akikoroga bukari, ugali wa kwetu, aliniuliza bunduki ni ya nini hasa. Nikamwambia ukweli. Karakana ikifungwa sina kazi, na mji huu una njaa ya nyama. Nyati mmoja akikaushwa vizuri ni chakula na biashara. Na kuna jingine, nikasema, nataka kitu kimoja nilichokitengeneza mimi kikae nyumbani kwangu. Aligeuza mwiko, akafikiri.

"Basi utafute chuma yenye haiko na maneno ya bantu."

Nikamwambia ndicho ninachokitafuta, chuma kisicho na kesi za watu.

Jumatano, 11 Julai

Sikukuu ya uhuru wa Katanga. Ngoma na magari mjini, sisi tulikaa nyumbani. Mchana akaja Mukuka kutoka Kasenga, na lori la samaki wa Luapula.

Mukuka ni mtoto wa mjomba wangu Chileshe, yaani mufyala wangu. Kwetu mtu na mufyala wake ni watu wa kutaniana, hawasalimiani bila matusi. Aliniuliza kumbe sijafa bado. Nikamwambia nangoja atangulie. Mambo ya kila mara.

Kisha akafungua kitenge alichokuja nacho. Bunduki ya mjomba.

Mjomba alifariki Aprili. Sikwenda kumzika, barabara ilikuwa imefungwa na askari. Ilinichoma na inanichoma hata leo. Alikuwa mwindaji wa Mgiriki mmoja mfanyabiashara wa samaki pale Kasenga, kazi yake kuua mamba na viboko wanaopasua nyavu. Mgiriki alipoondoka alimwachia bunduki pamoja na karatasi zake.

Mukuka akasema akina mama wa Kasenga wanasema mimi ndiye ninayejua bunduki. Akainyoosha kwa mikono yote miwili.

Nikaipokea. Mlangoni, wima, nikafanya ninachofanya kila siku ya kazi: mtu akikupa bunduki, unaichukua, unafungua komeo, unatazama ndani. Risasi ikaruka, ikaanguka miguuni mwake. Ilikuwa imo! Mjomba alikufa risasi ikiwa chumbani mwa bunduki, na Mukuka amesafiri njia nzima ameilalia. Nikamtukana kwa moyo wangu wote. Hakurudisha tusi. Alichuchumaa, akapiga makofi madogo, viganja vimekunjwa kama vikombe, kisha akainuka akaenda sokoni na samaki wake. Nikadhani amechoka na safari.

Mtutu umevimba mdomoni — ulipigwa ukiwa na tope. Mti umeliwa na mchwa. Lakini chuma cha kati, mama yangu! Nimekaa nacho uani mpaka Albertine ameita mara mbili kuja kula.

Alhamisi, 12 Julai

Nimekipeleka karakanani ndani ya kikapu, chini ya viazi vitamu. Monsieur André alifungua komeo, akafunga, akafungua, kisha akavaa miwani.

Ni Mauser ya uwindaji, iliyotoka kiwandani hivyo, ya kabla ya vita. Hakuna taji, hakuna muhuri. Ubavu wa kushoto ni mzima, haukukatwa ile nafasi ya kidole gumba ya bunduki za askari. Meno ni safi. Komeo limesuguliwa na mkono wa mtu mmoja kwa miaka mingi mpaka ukiinua mdomo wa mtutu linarudi nyuma lenyewe. Namba inasomeka. Risasi yake ni ile ile ya mtutu wangu. Na karatasi za Mgiriki zinaruhusu ibaki katika ukoo.

Tuliufungua mtutu mbovu kwa ufunguo mkubwa, ukalia kama mlango wa gereza, ukaachia. Monsieur akauweka kando. Akaniambia mtutu ni nguo, mti ni viatu, vyote vinabadilishwa. Sheria inatazama hapa penye namba, hii njo bunduki. Nikasema vizuri sana, basi namba hii itaingia kwenye kibali changu.

Nimekwisha kupanga. Mtutu mbovu na mti vitarudi Kasenga, waviweke kaburini kama wanataka. Mimi nachukua chuma tu. Kwa hiyo haitakuwa bunduki ya mjomba tena. Itakuwa yangu.

Jumamosi, 14 Julai

Albertine aliuliza chuma ni cha nani. Cha mjomba, nikasema. Wamenipa au wameniazima? Wamenipa. Bure? Watakifanyia nini wao, nikamjibu. Alikata uzi kwa meno.

Jumatatu, 16 Julai

Siku nzuri kuliko zote za mwaka huu!

Monsieur aliniachia mashine, akakaa pembeni na kiko chake. Nikakereza bega la mtutu kidogo kidogo, unywele baada ya unywele. Ufungwe, upimwe, ufunguliwe, ukerezwe tena. Tuna vipimo viwili vya chuma vyenye umbo la risasi. Cha kwanza lazima komeo lifunge. Cha pili lazima likatae. Likikubali vyote viwili, bunduki itakulipukia usoni siku moja. Likivikataa vyote, risasi haitaingia. Mchana cha kwanza kilikuwa bado kinagoma. Nikakereza unywele mmoja tena. Nikaingiza cha kwanza — komeo likashuka kama mtu anayekaa kitini kwake. Cha pili — limesimama katikati, halitaki. Nikamwita Monsieur. Akajaribu mwenyewe, akanipa mkono. Hakunipa mkono namna hiyo hata siku ya Krismasi.

Mti nilikuwa nao, wa mulombwa, mwekundu, nimeukausha juu ya dari tangu zamani bila kujua ni wa nini. Sasa najua.

Naandika haya na vidole vinanuka mafuta. Nina furaha. Sitalificha neno hilo kwenye karatasi yangu mwenyewe.

Jumanne, 17 Julai

Mti umeingia. Nimepaka mafuta ya kitani mara ya kwanza. Nimemfundisha Albertine: mtu akikupa bunduki, kabla ya neno lolote, fungua, tazama ndani. Amefanya kwa uso wa misa. Sauti za komeo ni mbili, ya kufungua na ya kufunga, fupi, kavu. Kati yake kimya cha kutazama. Alisema inafanana na cherehani yake ikitiwa mafuta. Tukacheka. Tangu zamani hatujacheka hivi.

Alhamisi, 19 Julai

Mukuka amerudi tena kutoka Kasenga na lori. Albertine alikuwa uani anaanika nguo. Mimi nilikuwa kibarazani na kitambaa cha mafuta, nimejiandaa na tusi langu.

"Jambo, Tata," akasema.

Nikageuka kutazama nyuma. Hakukuwa na mtu. Mukuka ni wa umri wangu, tulioga mto mmoja tukiwa uchi, na aliniita baba bila kucheka.

Nikamwambia aache mchezo. Ndipo akakaa chini, si kitini, akanieleza. Tangu mazishi bunduki ililazwa juu ya mkeka katika nyumba ya Mama Kunda, mama yake, mjane wa mjomba. Wapwa wa mjomba waliitwa, mmoja mmoja, kila mmoja alikaa mbali nayo. Kitu cha marehemu hakipokelewi mkono kwa mkono. Kinawekwa chini, watu wanakaa, wanasema ni cha nani. Anayekipokea mkononi amepokea jina, na mahali pa marehemu, na mjane wake. Haya nayajua! Niliyajua tangu utotoni. Yeye alitumwa niitazame tu, niseme kama inapona. Alifikiri nitamwambia aiweke chini; nilipoipokea, alinipigia makofi ya kumsalimu mwenye jina.

"Ulibeba na mukono, ukatosha risasi yake. Bantu ba Kasenga bote banajua. Mama iko anakungoya."

Nikamwambia kutoa risasi ni kazi yangu, ni mazoea ya mikono, ningefanya vile hata kwa bunduki ya polisi. Akasema hayo nimwambie Mama Kunda. Nikamwambia tazama, mtutu mpya, mti mpya. Akaweka kidole kwenye namba, taratibu, akauliza na hii je?

Albertine alikuwa amesimama na kibanio cha nguo mkononi. Sijui tangu lini.

Ijumaa, 20 Julai

Leo Albertine alikuwa anapiga pasi. Akaweka pasi wima juu ya kisahani, makaa yanalia ndani.

"Jeannot alikuya kunibeba, nikakatala. Mi niliolewa na Lucien, ku kanisa, bwana moja, muke moja. Kama leo uko Chileshe, basi Lucien iko wapi?"

Nikasema niko hapa. Nikasema ni makosa ya mlangoni, sikufikiri. Akasema anajua sikufikiri. Hakukasirika. Angekasirika ningejua la kufanya. Alichukua pasi akaendelea na kola ya shati langu.

Naogopa. Amewaacha watu wake wote wapande treni kwa ajili yangu. Akiondoka sasa, atasafiri peke yake, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemfukuza, si wanasiasa.

Jumapili, 22 Julai

Baada ya misa nilikwenda nyumbani kwa Monsieur André. Vitabu viko ndani ya magunia, mapazia yameshushwa. Nikamweleza yote. Alisikiliza vizuri. Hakucheka, na sikutegemea acheke.

Akasema mtutu unaweza kutoka. Tukate kidogo, tuuvike ile Mauser ya jeshi, chuma cha mjomba kirudi Kasenga. Lakini kesho tu, kabla ya mchana. Mchana wanakuja kupandisha mashine. Na taji nalijua. Nikamwambia afadhali taji, afadhali gereza. Akasema nilale kwanza.

Jumatatu, 23 Julai

Nilifika mapema, bunduki iko ndani ya kitenge. Mashine ilikuwa imeachwa wazi kwa ajili yangu, taa inawaka, makasha yote mengine yamepigwa misumari. Ufunguo mkubwa ulikuwa juu ya meza.

Sikufungua kitenge.

Nilisimama pale nikajiuliza nitafungua nini. Nitautoa mtutu, sawa. Chuma kitarudi kwenye mkeka wa Mama Kunda, sawa. Na mikono iliyokipokea? Mukuka alipiga makofi kabla sijaufunga mtutu mpya, kabla ya mti, kabla ya Monsieur kuvaa miwani. Nilijidai nimekichagua chuma hiki karakanani, kwa meno yake na namba yake. Nilikuwa nimekwisha kuchagua mlangoni, kwa mazoea ya kazi.

Wapakizi walikuja na kamba zao. Monsieur alinitazama, nikatikisa kichwa, akazima taa. Alinipa vile vipimo viwili ndani ya soksi ya sufu. Nikamwambia afike salama. Akasema nimwandikie, na sote wawili tunajua hatutaandikiana.

Nyumbani Albertine aliuliza kama nimeufungua mtutu. Nikasema hapana, nikamwambia kwa nini. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akapanda kiti, akateremsha lile sanduku lake la safari kutoka juu ya kabati, akalifuta vumbi, akaliweka juu ya kitanda. Halina kitu ndani. Tunalala pembeni yake.

Jumatano, 25 Julai

Hakuna kazi. Nimetengeneza mguu wa meza. Sanduku liko pale pale.

Jumamosi, 28 Julai

Naandika uani, karatasi juu ya goti, niko kwenye kigoda karibu na mbabula, jiko letu la makaa. Mukuka ameketi kwenye tofali mbele yangu. Hatutaniani.

Alimleta mama yake asubuhi, juu ya lori, katikati ya magunia ya samaki. Nilikuwa nimemtarajia mwanamke wa kunidai. Akashuka Mama Kunda, kitenge cheusi, nywele hazijachanwa tangu Aprili. Nilimpa mkono, akaficha wake. Albertine akamletea kiti, akakataa, akakaa chini kwenye vumbi, nje ya kivuli cha nyumba. Mama wa nyumba ya pili alichungulia, akamwona yuko katika nguo za mjane ambaye hajafunguliwa, akafunga mlango wake. Albertine aliuona mlango ule ukifungwa. Anaujua mlango ule. Hufungwa vivyo hivyo yeye akipita.

Albertine akatia munkoyo, kinywaji cha mahindi, katika kikombe, akamletea. Mama Kunda akamwonya, kikombe hicho hakuna atakayekitumia tena. Albertine akasema vikombe viko vingi. Akakaa chini, naye, kwenye vumbi, na sketi yake ya kanisani.

Mama Kunda alizungumza naye, si na mimi. Alisema tangu bwana yake azikwe hakuna anayekula katika chungu chake, hakuna anayemsalimu kwa mkono, na hawezi kurudi kwa ndugu zake, maana marehemu yuko juu yake bado. Lazima mtu awe na jina lake kwanza.

"Sitafute bwana, mama. Bwana nilikuwa naye. Minatafuta muntu wa kunifungua."

Akatoa kifundo kutoka kwenye kona ya kitenge. Ushanga mmoja mweupe na uzi. Zamani, akasema, mjane alifunguliwa kitandani, siku hizi wengi wanafunga ushanga. Mwenye jina anafunga ushanga mkononi mwa mjane, basi, kesho yake anapanda lori anarudi kwao. Lakini uzi unashikwa na mke wa mwenye jina. Mke akikataa, ushanga haufungiki. Hapo yeye atabeba chuma chake na kurudi Kasenga vile vile alivyokuja, hatalaumu mtu.

Albertine aliuliza maswali mawili. Mama Kunda akifunguliwa, jina linabaki kwa bwana yangu? Linabaki. Na kesho ndugu zake watasema Chileshe alikuwa na mke wa kwao, bwana yangu naye atafutiwe mke mwingine?

Mama Kunda alizungusha ushanga kwenye vidole.

"Batasema," akajibu. "Sitakudanganya. Mi ninasema yangu tu."

Nilitaka kusema nitawakatalia, kama nilivyowakatalia siku zote. Albertine akainua mkono, nikanyamaza. Akamsaidia Mama Kunda kuinuka — alimshika mkono, ngozi kwa ngozi, Mukuka alishtuka — wakaingia ndani. Mimi akaniambia nikae nje.

Ndani mna kitanda na sanduku juu yake. Mna bunduki, imelala kwenye mkeka, ndani ya kitenge. Nilipoingia kuchukua karatasi hii, Mama Kunda alikuwa amechuchumaa kando ya mkeka, na Albertine amesimama. Hawakunitazama.

Sasa muda umepita. Makaa yanakufa, nayaacha. Nawaza kama nilivyowaza karakanani mbele ya vile vipimo viwili, kimoja komeo lishuke, kingine likatae. Nampenda mke wangu. Ningemwambia hivyo wiki nzima hii, badala yake nilitengeneza mguu wa meza.

Mukuka ameinua kichwa. Nami nimesikia.

Komeo. Limefunguliwa, fupi, kavu. Kimya — urefu wa kutazama ndani, jinsi nilivyofundisha. Limefungwa.

Na sasa makofi, madogo, ya viganja vilivyokunjwa kama vikombe. Albertine hajui kupiga makofi hayo. Kwao Kasai hawapigi hivyo. Ni Mama Kunda, anampigia aliyeipokea bunduki mkononi.

Mukuka amevua kofia. Hakuna aliyeniita bado.